Kabla Ucheke Jiko la Kuni la Shosho

Desemba iliyopita nilishuka ushago, Vihiga, nikiwa nimebeba kitu kizito kwenye gunia. Silinda ya udongo wa kuchoma, wazi juu na chini, na mlango mmoja mbele. Makanga alinilipisha kama abiria wa pili. Binamu zangu nao walicheka hadi wakakaa chini. Ati msee anatoka Nairobi na zawadi ya chungu kilichotoboka!

Enyewe inakaa hivyo. Lakini hicho "chungu" ndicho roho ya jiko la kuni linaloitwa Upesi. Kwingine utasikia Jiko Kisasa, ama jiko la Maendeleo, kwa sababu miaka ya 80 lilipelekwa vijijini kupitia Maendeleo ya Wanawake. Huku magharibi, vikundi vya akina mama wafinyanzi ndio waliyatengeneza na kuyauza. Watu waliojua udongo tangu utotoni, si ati walifundishwa kwa semina ya siku mbili.

Sisi wa mtandaoni tunaongea kuhusu nishati safi kama kitu kimeanza juzi. Agosti 1981 Umoja wa Mataifa ulifanya mkutano mkubwa hapa Nairobi kuhusu vyanzo vipya vya nishati. Bei ya mafuta ilikuwa imepanda vibaya, na misitu ilikuwa inageuka makaa. Miaka hiyo hiyo ndipo likazaliwa lile jiko la makaa lililo kwenu sasa hivi, lenye kiuno chembamba na udongo ndani.

Hilo jiko lina stori. Jiko la bati tupu inaelezwa lililetwa na mafundi wa Kihindi waliojenga reli. Lilikula makaa vibaya, joto likitokea pembeni. Wazo la kuweka udongo ndani lilitoka kwa jiko la ndoo la Thailand. Sasa hapa ndipo napenda: hawakulikopi tu. Maxwell Kinyanjui na wenzake walilipa kiuno na kitako kipana, udongo ukabaki nusu ya juu pekee. Kwa nini? Jaribu kusonga ugali wa watu sita kwenye jiko linaloyumba halafu urudi tuongee. Mafundi wa jua kali wa Shauri Moyo wakalichukua, na kwa vile hakuna aliyewafungia mlango na hataza, kila mwenye nyundo akatengeneza lake. Mengine yalikuwa takataka, udongo ulipasuka mapema. Lakini jiko likaenea, na likavuka mipaka.

Turudi kwa shosho. Nyuma ya jikoni kwake kuna jiko lingine, la mradi fulani uliopita miaka ya nyuma. Walikuja na gari, wakalijenga, wakapiga picha, wakaenda. Mlango ulikuwa mdogo kuliko kuni zake na sufuria yake kubwa haikukaa. Leo kuku anatagia humo. Hakuna aliyewahi kurudi kumuuliza kwa nini. Kwa hivyo nilipotoa langu kwenye gunia, aliliangalia kama anaangalia mkwe asiye na kazi.

"Mjukuu wangu, hili linakaa wapi?"

Nikaanza kueleza vile nilisoma. Akaninyang'anya. Akachagua pahali mwenyewe, karibu na dirisha, mbali na mlango wa upepo. Tulichanganya udongo na nyasi zilizokatwa, tukapanga mawe kuzunguka silinda, tukaujaza udongo hadi ukingo. Alipima kwa sufuria yake ya ugali, si kwa futi kamba. Halafu ikabidi tungoje kama wiki mbili likauke. Mimi nilitaka kuwasha siku ya tatu nipige picha. Alinikataza, na alikuwa sahihi: ukiwasha likiwa bichi, linapasuka.

Moto wa kwanza ulikuwa mdogo. Kuni zilizopasuliwa nyembamba na zilizokauka, mbili tatu, zikisukumwa polepole. Ukijaza mlango, hewa inakosa njia na moshi unarudi usoni. Likitumiwa vizuri, linaweza kula karibu nusu ya kuni za mafiga matatu. Kwa mtu wa miaka sabini na kitu anayebeba kuni kwa mgongo, hiyo nusu si hesabu ya vitabu.

Lakini nisiwadanganye. Halina bomba la moshi. Moshi unapungua, hauishi, na ndio maana lile dirisha ni muhimu. Shirika la Afya Duniani linakadiria moshi wa majumbani uliua watu milioni 3.2 mwaka 2020. Shosho ana kikohozi ambacho familia yote tumekizoea, na hilo ndilo linaniudhi zaidi, kwamba tulikizoea.

Na usiniambie "si mumnunulie gesi." Julai 2021 serikali iliweka VAT ya asilimia 16 kwa gesi ya kupikia, ikashushwa hadi 8 mwaka 2022, ikaondolewa 2023. Mtungi anao, tulimnunulia. Uko chini ya kitanda, mtupu.

Mafiga matatu bado yako nje, ya matanga na sufuria kubwa. Hakuyang'oa na sikumwomba. Juzi alinipigia simu. Jirani yake amekuja mara mbili na sufuria yake mkononi, anataka kujua kama linaingia.