Si cha Shule

Krismasi iliyopita niliaibika mbele ya familia nzima. Wacha niwaambie vile ilienda.

Tulikuwa ushago. Mbuzi ashachinjwa, chapati zimefunikwa kwa sufuria, watoto wamekaa kwa nyasi wakingoja zawadi. Binamu yangu mdogo, ako Gredi ya 7, nikampatia yake ikiwa imefungwa na karatasi ya kung'aa. Akaipasua mbio mbio. Kuona ni kitabu, akanywea. Akaniuliza polepole, "Ni cha marudio?"

Watu wakacheka. Shangazi akakichukua, akaangalia jalada: Siku Njema, ya Ken Walibora. "Kwani hiki si ndicho tulifanyia mtihani?" akauliza, kisha akaanza kutaja maudhui na wahusika kama mtu anayejibu swali la alama 20.

Nilicheka pia, lakini ilinikaa kichwani hadi Januari. Mtoto ameona kitabu akadhani ni adhabu. Mtu mzima ameona riwaya aliyoipenda, kitu cha kwanza kumjia ni mtihani. Hiyo tabia ilitoka wapi?

Kuna ule mzaha mnaujua, ati ukitaka kumficha Mwafrika pesa, weka ndani ya kitabu. Mimi nimeuchoka. Nilipoanza kufuatilia historia yetu ya vitabu niligundua kwamba kusoma kwa raha tulikuwa nako. Kulibanwa kidogo kidogo, na watu wenye sababu zao, mpaka kitabu kikabaki kitu cha shule. Sasa kwa kuwa Desemba imefika na kila mtu anauliza anunue nini, hebu tuipitie hiyo stori.

Tuanzie pwani, mwaka wa 1858. Mwana Kupona binti Msham, mjane wa Bwana Mataka aliyetawala Siyu katika kisiwa cha Pate, alikuwa mgonjwa na alijua hana muda mrefu. Alikuwa na binti. Hakuwa na simu ya kurekodi sauti, alikuwa na wino, karatasi na kipaji. Akamtungia binti yake utenzi wa beti takriban mia moja: mambo ya dini, ya nyumba, ya heshima, ya kuishi na watu. Unaweza kubishana na baadhi ya mawaidha yake, hasa yale ya mke na mume, na wasomi wengi wamebishana nayo. Lakini ona kile alichofanya. Mwandishi wa hapa alimwandikia mtu anayempenda na akampa maandishi yenyewe yawe zawadi. Baadaye wanawake wa Lamu waliyanakili kwa mkono na kuyahifadhi kichwani, bila mtu kuwapigia alama. Kwa hivyo mtu akikwambia kupeana kitabu ni mambo ya kizungu, mwelekeze Siyu.

Bara mambo yalienda tofauti. Kwa watu wengi kitabu kilifika pamoja na misheni. Kule Ugikuyuni Wakristo wa kwanza waliitwa athomi, yaani wasomaji. Neno moja lilibeba kusoma, kubatizwa na kwenda shule. Kusoma kulikuwa njia ya kuvuka upande ule mwingine, kupata kazi ya ukarani au ualimu. Sisemi ni vibaya, wazee wetu wengi walitoboa hivyo. Nasema tu kwamba tangu mwanzo kitabu kilikuwa tikiti, na tikiti hausomi kwa raha. Unaionyesha mlangoni, unapita.

Mlango wenyewe pia haukuwa wa kila mtu. Maktaba ya McMillan, ile yenye simba wawili wa mawe pale katikati ya Nairobi, ilifunguliwa mwaka wa 1931, na kwa miaka mingi ilikuwa ya Wazungu peke yao. Mwaka wa 1948 serikali za kikoloni zikaunda East African Literature Bureau ya kuwatolea Waafrika vitabu. Ilitoa vitabu vizuri, tena kwa lugha zetu nyingi, lakini aliyeamua Mwafrika asome nini alikuwa mkoloni. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka wa 1977, upande wa Kenya wa ofisi hiyo ukageuka kuwa Kenya Literature Bureau. Ndiyo hiyo KLB iliyo kwa jalada la kitabu chako cha fizikia.

Uhuru ulikuja na moto. Mwaka wa 1964 Ngũgĩ wa Thiong'o akatoa Weep Not, Child. Mwaka wa 1965 ikaanzishwa East African Publishing House, na mwaka uliofuata ikatoa riwaya ya kwanza ya Grace Ogot, The Promised Land, na Song of Lawino ya Okot p'Bitek. Lakini tazama pesa zilikuwa wapi. Nchi mpya ilikuwa inajenga shule kila mahali, na shule zinataka vitabu. Mchapishaji akitaka kula, anachapisha vya shule. Mwenye duka naye akitaka kulipa kodi ya nyumba, anauza vya shule. Mojawapo ya maduka makubwa tuliyo nayo lilianzishwa mwaka wa 1964 na jina lake ni Text Book Centre. Jina lenyewe linakwambia biashara ilikuwa nini.

Na bado watu walisoma kwa raha! Hapa ndipo mzaha wa pesa kufichwa kitabuni unaanguka. Mwaka wa 1971 Charles Mangua alitoa Son of Woman, stori ya mjanja wa Nairobi mwenye mdomo mchafu, na ikauzwa vibaya sana, kwa maana ile nzuri. Meja Mwangi akaja na Kill Me Quick mwaka wa 1973, na Going Down River Road mwaka wa 1976, vitabu vya vijana wasio na kazi katika jiji ambalo hata leo ungelitambua. David Maillu hakungoja mchapishaji yeyote. Alianzisha kampuni yake, Comb Books, akatoa vitabu vidogo vya bei ya mtu wa kawaida kama After 4.30, vyenye pombe, mapenzi na siri za ofisini. Maprofesa walikunja pua. Tanzania ilipiga marufuku vitabu vyake. Karani wa Nairobi alinunua na kumpitishia mwenzake. Hao ndio Wakenya tunaoambiwa hawasomi.

Halafu ikaja Kamiti. Ngũgĩ alikamatwa mwisho wa Desemba 1977 na kuwekwa kizuizini bila kesi. Huko ndani akaandika riwaya kwa Kikuyu juu ya karatasi ya chooni. Aliachiliwa Desemba 1978, na mwaka wa 1980 Caitaani Mũtharaba-inĩ ikachapishwa hapa Nairobi na Heinemann, chini ya Henry Chakava, aliyetishiwa maisha kwa sababu ya kazi hiyo. Watu walifanya nini nayo? Familia zilikaa jioni mmoja akawasomea wengine. Kwa baa mtu alisoma kwa sauti na wateja wakamnunulia kinywaji aendelee. Hata kwenye matatu ilisomwa. Hakukuwa na mtihani wa Caitaani popote.

Serikali iliona hiyo nguvu. Ngũgĩ alipotoa Matigari mwaka wa 1986, watu walianza kumzungumzia mhusika mkuu kana kwamba ni mtu wa kweli anayezunguka nchi akiuliza maswali. Kulingana na Ngũgĩ mwenyewe, agizo la kwanza lilikuwa akamatwe huyo Matigari. Walipogundua ni mtu wa kitabuni, mwaka wa 1987 polisi walipitia maduka ya vitabu na bohari la mchapishaji wakabeba nakala walizopata. Wakati mwingine ukipita nje ya duka dogo la vitabu ukadhani ni mahali pa watu wapole, kumbuka kuna siku lilivamiwa kwa sababu ya riwaya.

Miaka hiyohiyo, mwaka wa 1985, mfumo wa 8-4-4 ulianza, na wengi wetu tukazaliwa ndani yake. Riwaya ikawa kitabu teule. Hapa nataka niwe mkweli: bila vitabu teule, watoto wengi wa Kenya hawangewahi kushika riwaya hata moja. The River and the Source ya Margaret Ogola iliingia nyumba ambazo hazikuwa na kitabu kingine isipokuwa Biblia na daftari. Lakini pia tulifunzwa kusoma kama polisi. Tafuta maudhui. Tafuta tamathali. Eleza sifa nne za mhusika. Kongowea Mswahili anatoka Tanga kumtafuta babake hadi Kitale, safari ya kuvunja moyo, na sisi tumeshika kalamu nyekundu tukipiga mstari chini ya tashbihi. Ukimaliza mtihani unampea wa kidato cha chini kitabu, na hutaki kukiona tena.

Maduka nayo yaliishi kwa Januari, msimu wa kufungua shule. Halafu mambo mawili yakafuatana. Mwaka wa 2013 sheria mpya ya VAT iliweka kodi ya asilimia 16 kwa vitabu. Mwaka wa 2018 serikali ikaanza kununua vitabu vya kiada moja kwa moja kwa wachapishaji na kuvipeleka shuleni. Kwa mwanafunzi aliyekuwa anagawana kitabu kimoja na wenzake watatu, hiyo ilikuwa habari njema na siwezi kuipinga. Lakini maduka ya miji midogo yalipoteza mteja wao mkubwa kwa mpigo mmoja, na mengi yakafunga. Lile duka ambalo mathe alininunulia kitabu changu cha kwanza cha hadithi siku hizi linauza kava za simu. Nilipita hapo Agosti. Rafu ni zilezile.

Ndiyo maana nasema Desemba si mchezo. Duka ambalo haliwezi tena kuishi kwa vitabu vya kiada lazima liishi kwa mtu anayenunua kwa kupenda, na msimu ambao Mkenya hutoa pesa kwa kupenda ni huu. Tayari kuna watu wanajaribu. Kwani? ilianza mwaka wa 2003 ikatuonyesha kwamba fasihi inaweza kuwa na Sheng na picha na kelele za Nairobi. Leo kuna Nuria, duka lililojijengea jina kwa kuuza kazi za waandishi wanaojichapishia wenyewe. Kuna Soma Nami, linalojaza rafu na waandishi wa Afrika. Na kuna mengine madogo ambayo wewe unayajua mtaani kwenu kuliko mimi.

Elewa pia pesa yako inaenda wapi. Kitabu cha mchapishaji mkubwa, mara nyingi mwandishi hupata karibu asilimia 10 ya bei. Anayejichapishia anaacha nakala kadhaa dukani, duka linakata sehemu yake, na analipwa zikiuzwa. Kwa mtu kama huyo nakala tano za Krismasi ni nauli ya kuenda kuchapisha zingine. Ile kopi ya wizi unayouziwa kwa lami mia mbili, kurasa zimepinda na wino umefifia, mwandishi hapati hata peremende.

Najua utaniambia vitabu ni ghali. Ni kweli, na kodi ile haijasaidia. Riwaya mpya inaweza kupita shilingi 1,000, na hiyo kwa nyumba nyingi ni unga wa siku kadhaa. Lakini wengi wetu hutoa hiyo pesa Desemba kwa kitu kitakachoisha kabla ya Januari mosi. Riwaya nyingi za Kiswahili zilizochapishwa hapa ni nafuu kuliko zinazotoka ng'ambo. Mnaweza pia kuchanga watu watatu mkanunulia shosho kimoja, na mkisomee pamoja, kama walivyofanya na Caitaani.

Ukiniuliza ninunue nini, nitakujibu kwa kuangalia mtu. Kuna anayependa bahari? The Dragonfly Sea ya Yvonne Adhiambo Owuor inaanzia Pate, kisiwa kilekile cha Mwana Kupona. Wa Mombasa, au anayependa majini na paka wanaoongea? The House of Rust ya Khadija Abdalla Bajaber. Anayependa kupanda miti na kubishana na serikali? Unbowed ya Wangari Maathai. Anayetaka Kiswahili kitamu? Walibora. Tulimpoteza Aprili 2020, na Ngũgĩ akatuacha Mei 2025. Vitabu vyao bado viko dukani, mradi duka lenyewe liwepo.

Na usisahau kuandika kitu ndani. Jina, mwaka, mstari mmoja. Mtu akipata kitabu chenye jina lake kwa mkono wako anajua hakijatoka wizarani.

Nimalize na binamu yangu. Pasaka nilirudi ushago nikakuta Siku Njema haina jalada. Nikadhani imewashiwa moto jikoni. Kumbe imezunguka nyumba nne, na shangazi ndiye aliyekaa nayo muda mrefu zaidi. Nilitaka niibandike na gundi, binamu akaninyang'anya. Kwa ukurasa wa kwanza, chini ya jina lake, alikuwa ameandika kwa herufi kubwa ili mwalimu yeyote asije akakichukua: SI CHA SHULE.