Kocha Akisema "Mia Kumi", Usitoe Pesa: Maneno ya Waogeleaji na Maana Zake

Siku ya kwanza kumpeleka mpwa wangu kwenye mazoezi ya kuogelea, nilikaa kwenye benchi la wazazi nikamsikia kocha akipaza sauti: "Haya, leo mia kumi, kwa moja na nusu!" Mkono wangu ukaenda mfukoni wenyewe. Ada ya mwezi nilikuwa nimeshalipa, na sasa naitishwa elfu nyingine, tena na kitu cha moja na nusu juu yake. Mama aliyekaa kando yangu alinitazama akacheka. "Usitoe pesa, kaka. Ni mita hizo."

Ilikuwa mita kweli. "Mia kumi" ni mita 100 mara kumi. "Moja na nusu" ni dakika moja na nusu, lakini si ya kupumzika kama nilivyodhania kwa muda wa wiki nzima. Ni muda wa kuogelea na kupumzika kwa pamoja. Ukimaliza mita zako 100 kwa dakika moja na sekunde 20, unabaki na sekunde 10 za kuhema, kisha unatoka tena. Ukichukua dakika moja na sekunde 30, hupumziki hata chembe. Mvivu na mchovu ndio wanaokosa mapumziko, na hilo nililiona dhuluma mpaka nilipoeleweshwa kwamba ndiyo maana yenyewe ya zoezi.

Mimi nimekulia ukingoni mwa mkono wa bahari wa Tudor. Kuogelea tulijifunza kwa kutupwa na kaka zetu, na maneno tuliyokuwa nayo yalitutosha: kuchupa, kupiga mbizi, kuelea, kunywa maji. Saa hatukuwa nayo. Aliyefika ng'ambo ya pili alikuwa amefika. Kwa hivyo mwaka huu mmoja wa kukaa benchini umekuwa darasa kwangu, na nimeona niwaandikie wazazi wenzangu yale niliyoyaokota, maana najua si mimi pekee ninayetikisa kichwa kana kwamba nimeelewa.

Tuanze na saa. Ukutani kuna saa kubwa yenye mkono wa sekunde tu, haina saa wala dakika. Kocha akisema "tokeni juu", maana yake subirini mkono ufike kwenye 60. "Tokeni chini" ni kwenye 30. Watoto hutoka mmoja baada ya mwingine, wakiachana sekunde tano au kumi, na wote huzunguka leni kama magari barabarani, kwenda upande mmoja na kurudi upande wa pili. Anayekamatwa na mwenzake wa nyuma huguswa kidole cha mguu. Huo si uchokozi. Ni honi.

Vifaa navyo vina majina yanayotustahili kabisa sisi watu wa pwani: kasia za mkononi, mapezi ya miguuni, na boya la kubana kati ya mapaja ili miguu ielee na mikono ifanye kazi peke yake. Tatizo ni boya. Mitaani neno hilo ni tusi la mtu mjinga, na kocha anapouliza "Nani hana boya?" hakuna mtoto anayekosa la kusema.

Hata mitindo yenyewe haikusalimika. Kuogelea chali, yaani kwa mgongo, ni neno safi la Kiswahili, lakini walipokuja wasichana wa Nairobi kwenye mashindano na kusikia kwamba asubuhi yote ni ya chali, walishikana mabega kwa kicheko. Kwao chali ni mvulana, hasa yule ambaye mama hajaambiwa habari zake. Mtindo wa chura hauhitaji maelezo, mtazame tu miguu. Mtindo huru ni huru kweli: kanuni inakuruhusu kuogelea upendavyo, na ukitaka kwenda kichura katika shindano la mtindo huru hakuna atakayekuondoa, utashika mkia tu.

Kisha kuna kipepeo, na hapa ndipo penye utani mwingi kuliko pote, kwa sababu ndipo penye mateso. Wazungumzao Kiingereza hukifupisha kipepeo kwa neno ambalo pia maana yake ni kuruka, na wameunda msemo wa vina unaosema: ruka ufe. Mtoto hutoka kwa mbwembwe, mikono yote miwili juu, mita 50 za kwanza anapendeza kama pomboo. Halafu mikono inakataa. Maji yanakuwa uji. Wamarekani husema piano imemwangukia mgongoni, na wengine husema ni dubu aliyempanda. Sisi dubu hatuna, na piano wengi tumeiona kwenye filamu tu, kwa hivyo kwenye kidimbwi chetu mtu huyo amepandwa na gunia la simiti. "Gunia limepanda mita ya ngapi?" ndilo swali analoulizwa kila atokaye kwenye mita 200 za kipepeo, na jibu la mpwa wangu siku zote ni "Kabla sijachupa."

Hata hivyo kipepeo ndicho kilichowahi kutuletea fahari. Jason Dunford, Mkenya, aliweka rekodi ya Olimpiki katika mchujo wa mita 100 kipepeo huko Beijing mwaka 2008 kwa sekunde 51.14. Haikudumu, ilivunjwa kwenye mchujo huo huo, lakini kwa dakika chache ilikuwa yetu. Mwaka 2010 akachukua dhahabu ya mita 50 kipepeo katika Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Delhi. Fainali ile ya Beijing ndiyo makocha wanayoitumia mpaka leo kufundisha neno "mguso". Milorad Čavić wa Serbia alikuwa mbele, akanyoosha mikono akateleza kuelekea ukutani. Michael Phelps akaongeza nusu ya pigo. Phelps 50.58, Čavić 50.59. Kocha wetu akiona mtoto anateleza mita mbili za mwisho, hupiga kelele "Ukuta hauji kwako!"

Nije kwa watu. Kila kidimbwi kina watu wale wale, na majina haya ni ya kwetu, kwingine watakuwa nayo mengine. "Mjusi" ni yule anayeganda ukutani, kila ukimtazama yuko pale pale, na ana sababu. "Fundi wa miwani" haishi kurekebisha miwani yake, na cha ajabu huharibika zoezi gumu linapotangazwa tu. "Mvuta juya" huogelea chali huku akijivuta kwa kamba ya leni kama mvuvi anayekokota wavu pwani, akidhani kocha hamuoni. "Mdandiaji" hukaa nyuma ya miguu ya mwenzake kama kijana aliyening'inia mlangoni mwa matatu, na huyo si mjinga hata kidogo: maji yaliyokwisha kupasuliwa na wa mbele ni mepesi, anafika kwa nguvu chache. Ubaya wake ni kwamba mita tano za mwisho humpita aliyembeba. Na kuna yule wa chooni. Kibofu chake kinajua ratiba kuliko kocha.

"Hasi" ilinisumbua. Kocha alimwambia mpwa wangu, "Leo umekwenda hasi, safi sana," nami nikajiuliza vipi hasi iwe safi. Maana yake nusu ya pili ya mbio imekuwa na kasi kuliko ya kwanza, na hiyo ni dalili ya akili, maana watoto karibu wote hufanya kinyume. "Mita za taka" ni mita za kujaza daftari tu, mtu ameogelea kilomita tatu na hakuna alichojifunza. Hilo ni neno la kumchamba kocha, si mwogeleaji, kwa hivyo liseme kwa sauti ya chini.

"Tepa" ni sikukuu yao. Wiki mbili au tatu kabla ya mashindano makubwa mazoezi hupunguzwa, mwili upate kupumzika na nguvu zirudi. Nyumbani ndiko kunakoumia. Mtoto aliyezoea kulala saa mbili u nusu usiku kwa uchovu, sasa anaruka juu ya makochi, anakula mahamri kumi na kuulizia viazi karai. Dada yangu alinipigia simu kuniuliza kama mwanawe amerogwa. Nikamwambia yuko kwenye tepa. Akasema, "Na hiyo tepa inaisha lini?"

Haya yote ni raha, na ningeishia hapa kama si neno moja ambalo limenifanya niandike.

Neno hilo ni "nakufa". Kidimbwini husemwa kila dakika. Nakufa, nimekufa, kocha ametuua, nizikeni. Ni mzaha wa mtu aliyechoka na hakuna anayegeuka. Sasa, lugha yetu yenyewe husema mtu amekufa maji, na tuna methali kwamba mfa maji haachi kutapatapa. Nimekua nayo. Ikinijia picha ya mtu anayezama, namwona akirusha mikono, akipiga mayowe. Kocha ndiye aliyeniambia kwamba kwa mtu anayekufa maji kweli kweli, methali hiyo inatudanganya. Anayepiga kelele bado ana pumzi ya kupigia kelele, naye asaidiwe haraka. Lakini aliyefika mwisho hanyanyui sauti, kwa sababu mdomo uko usawa wa maji na kila unapotoka nje unatafuta hewa tu. Hapungi mkono. Mikono imefunguka ubavuni inasukuma maji chini, kama mtu anayepanda ngazi isiyokuwepo. Kichwa kimelala nyuma, mwili umesimama wima, miguu haipigi. Anaweza kuwa hivyo kwa sekunde 20 hadi 60, kisha anakwenda chini. Akiwa mdogo, muda ni mfupi zaidi.

Nililiona hilo kwa macho yangu, na sikuliona. Jumapili moja tuko ufuoni, watu wamejaa, mtoto wa kama miaka sita amesimama majini hatua chache kutoka nilipokuwa, uso umetazama juu. Nilidhani anacheza. Mpwa wangu akaniuliza, "Mjomba, yule mtoto mbona hasemi?" Hakungoja jibu. Alimfikia, akamwinua, mtoto akatapika maji akaanza kulia, na mamake, aliyekuwa karibu kuliko sisi sote, ndipo akageuka. Alhamdulillahi. Tangu siku hiyo, wa kelele simtazami sana. Namtazama aliyenyamaza.

Neno la pili ni dada wa hilo: "kuiba pumzi". Ni mchezo wa wavulana. Unavuta na kutoa pumzi haraka haraka mara nyingi, kisha unazama na kwenda kidimbwi kizima bila kupumua, na anayefika mbali ndiye dume. Kocha wetu amelipiga marufuku, neno na mchezo wake. Alitueleza wazazi hivi: kinachotufanya tutamani kuvuta pumzi hasa ni hewa chafu ya kaboni inayojaa mwilini, zaidi ya upungufu wa oksijeni. Ukihema kwa pupa kabla ya kuzama umeifukuza ile hewa chafu, basi kengele haitalia. Oksijeni inakwisha kimya kimya na mtu anazimia chini ya maji bila kuhisi kwamba amekaribia. Hata hodari wa kuogelea humpata, pengine humpata yeye zaidi, maana ndiye mwenye uwezo wa kujikaza. Wazazi, mkisikia neno hilo nyumbani msilicheke.

Nami nilikuwa na langu la kumpa kocha. Watoto hawa wanajua tepa, wanajua hasi, lakini nilipowauliza bamvua ni nini, mmoja tu alijua, na babake ni mvuvi. Maji ya kidimbwi hayaendi popote. Maji ya bahari wakati wa bamvua, mwezi ukiwa mpevu au mwandamo, hujaa sana na kupwa sana, na yanapotoka kwenye mikono ya bahari huvuta. Mashindano ya kuogelea yanayoandamana na Maulidi ya Lamu hayana leni wala saa ya ukutani, na mshindi ni anayejua kuyasoma maji. Kocha alinipa dakika kumi kabla ya mazoezi ya Jumamosi. Nimewafundisha bamvua, maji mafu, kujaa na kupwa, na kwamba ukichukuliwa na mkondo usishindane nao, elea, ita, kata kando.

Yeye naye akaongeza kanuni yake. Utani wa kufa ni ruhusa ukiwa umeshika ukuta. Ukiwa katikati ya maji kuna neno moja tu, "shika", na likisemwa wote husimama na aliye karibu humpa boya aliyesema. Hiyo "shika" haina mzaha. Juzi kijana mgeni aliitumia kuchekesha wenzake, leni nne zikasimama na kocha akachupa na viatu vyake. Kijana alimaliza mazoezi kwenye benchi, kando yangu, taulo begani, uso umemshuka. Nikamweleza maana ya mjusi ili apate kucheka kidogo.