Usugu wa Seli kwa Insulini

Damu ya mtu mwenye kisukari cha aina ya pili inaweza kujaa insulini, na bado misuli na ini lake vikaitikia kwa uzito. Wapo wanaoiita hali hiyo ukinzani wa insulini. Mimi nashikilia usugu. Ukinzani tumekwisha kuupa waya unaozuia umeme, tabia ambayo waya unayo hata kabla mkondo haujapita. Sugu ni kitu kingine: ni ngozi iliyokomaa kiganjani mwa mkulima au kwenye paji la mwenye kusujudu sana, nayo huzaliwa na msuguano. Seli nayo huwa sugu kwa njia inayofanana na hiyo. Insulini ikishika kipokezi kwenye utando, kipokezi huibandika fosfati protini ya IRS-1 mahali paitwapo tairosini. Ujumbe hupokezanwa hadi kwenye kimeng'enya AKT, na katika misuli vibebaji vya GLUT4 hupanda juu kuingiza sukari. Lakini ujumbe uleule huamsha S6K1, kimeng'enya kinachoirudia IRS-1 na kuibandika fosfati kwenye serini, na hapo usikivu wake hufifia. Hodi yenyewe huziba sikio la mwenye nyumba. Insulini ikizidi kwa muda mrefu, seli humeza vipokezi vyake na kubakiwa na vichache.

Kuna atakayesema usugu tumeshauzoea kwa vimelea vya malaria visivyosikia dawa. Ni kweli, na tofauti ipo: kimelea hurithisha badiliko la jeni, seli hii jeni zake ni zilezile. Dawa ya mkanganyiko huo ni kutaja aliye sugu, yaani usugu wa seli kwa insulini. Tukisema “usugu wa insulini” tunaitwika homoni sifa isiyo yake. Pingamizi zito zaidi ni kwamba insulini nyingi si chanzo pekee, kwani mafuta yanayorundikana ndani ya misuli na ini, pamoja na uvimbe wa ndani kwa ndani, huamsha vimeng'enya vingine vinavyoidhoofisha njia hiyohiyo. Nakubali, vinavyosugua ni vingi. Hata hivyo, ini la mgonjwa hukataa amri ya kuacha kutoa sukari huku likiendelea kutii amri ya kutengeneza mafuta, na hilo neno ukinzani halilielezi. Sugu huota pale mpini unapopita tu, na mgongo wa mkono hubaki laini. Tena jembe likiwekwa chini, kiganja hulainika, kama misuli ya anayefanya mazoezi inavyorudia kuisikia insulini.