Dakika za Njiani: Jinsi Moyo Ulivyoutangulia Ubongo

Kabla ya mwaka 1966, mgonjwa wa mshtuko wa moyo alitibiwa akishafikishwa wodini, na wengi walikata roho kabla ya hapo, kwa kuwa mapigo huvurugika zaidi katika saa ya kwanza. Mwaka huo daktari Frank Pantridge wa Belfast alipakia kwenye gari la wagonjwa kifaa cha kuushtua moyo kwa umeme, chenye uzito wa kilo 70 hivi na kilichoendeshwa kwa betri za gari. Matibabu yakaanza kumfuata mgonjwa alipo.

Mwaka 1986 utafiti wa GISSI nchini Italia ulionyesha kwamba dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda huokoa watu wengi zaidi ikitolewa mapema. Baadaye kuzibua mshipa kwa mrija wenye puto kukaishinda dawa, ila hospitali zilizoweza kazi hiyo zilikuwa chache. Je, mgonjwa apewe dawa hapo alipo, au asafirishwe? Jaribio la Denmark lilijibu mwaka 2003. Asilimia 96 ya waliohamishwa walifika ndani ya saa 2, na waliofariki, kupata mshtuko wa pili au kiharusi katika siku 30 walikuwa asilimia 8.5, dhidi ya 14.2 ya waliobaki na dawa. Nafuu hiyo ilitokana hasa na kupungua kwa mishtuko ya pili.

Tiba ya kiharusi ilichelewa, na sababu yake ni ya kitabibu. Mshipa wa ubongo huziba au hupasuka. Dawa inayomwokoa mgonjwa aliyezibwa mshipa yaweza kumuua aliyepasukiwa, na kwa macho hawatofautishiki. Kipimo cha umeme wa moyo hufanyika hata ndani ya gari, lakini ubongo huhitaji picha ya CT. Hivyo, hata baada ya utafiti wa Marekani wa 1995 kuthibitisha faida ya dawa ndani ya saa 3, wagonjwa waliendelea kusubiri.

Helsinki ilibadili mpangilio. Wahudumu wa gari walipiga simu mapema, mgonjwa akapelekwa moja kwa moja kwenye CT, na sindano ikachomwa papo hapo. Muda wa kati kutoka mlangoni hadi sindano ulishuka kutoka dakika 105 mwaka 1998 hadi 20 mwaka 2011.

Mwaka 2015 ilithibitika kwamba kuvuta bonge la damu kwa mrija kunasaidia, na swali la Denmark likarudi. Marekani, kati ya 2019 na 2021, muda wa kati wa kukaa hospitali ya kwanza kabla ya kuhamishwa ulikuwa dakika 174, ilhali mwongozo ulitaka 120. Wapo wanaolaumu umbali, lakini dakika hizo zilihesabiwa kabla gari halijaondoka. Wengine hushauri hospitali ndogo irukwe. Jaribio la Catalonia lililochapishwa 2022 halikuona tofauti kati ya njia hizo mbili. Mimi naelekea kuamini kwamba kizingiti kimo ndani ya hospitali ya kwanza, kwani katika takwimu hizo za Marekani, wagonjwa waliotangulizwa na simu ya wahudumu wa gari waliondoka mapema kwa takriban dakika 20.