Majina ya Wagonjwa wa Bethel

Kila mwaka ifikapo Ijumaa Kuu, katika makanisa yetu ya Mpale na ya wilaya nzima za Korogwe na Handeni, tunasoma habari ya mateso ya Bwana wetu. Watoto wanasikiliza, wazee wanafuta machozi. Na karibu kila mwaka, baada ya ibada, tunasikia sentensi ile ile ikitoka midomoni mwetu: "Wayahudi ndio waliomuua Yesu." Tunaisema bila chuki, kama mtu anavyosema mvua imenyesha. Hakuna Myahudi anayeishi kijijini kwetu, kwa hiyo tunadhani maneno hayo hayamuumizi mtu.

Katika insha hii tunataka kuonyesha kwamba sentensi hiyo ina historia, kwamba historia hiyo inaligusa Kanisa letu la Kilutheri katika milima ya Usambara kuliko tunavyofikiri, na kwamba ipo nchi iliyolazimika kujifunza kuikumbuka kwa aibu na kwa miaka mingi. Tukitazama jinsi nchi hiyo inavyofundisha na kukumbuka, tutajiuliza sisi wenyewe tunakumbuka nini.

Tuanzie nyumbani. Injili ililetwa Usambara na wamisionari Wajerumani waliofika Mlalo mwaka 1891. Shirika lililowatuma lilianzishwa Berlin mwaka 1886, siku zile zile ambapo Carl Peters na wenzake walikuwa wakiitafutia Ujerumani koloni katika nchi yetu. Mwaka 1906 makao ya shirika hilo yalihamia Bethel, karibu na mji wa Bielefeld. Bethel ilikuwa mahali pa pekee. Ilianza mwaka 1867 kama nyumba ya kuwatunza watu wenye kifafa, na chini ya mchungaji Friedrich von Bodelschwingh ikakua ikawa kama mji mzima wa wagonjwa, walemavu na watu wasio na makao. Imani yao ilikuwa kwamba kila mtu, hata asiyeweza kusema wala kufanya kazi, amebeba sura ya Mungu.

Imani hiyo tumeiona kwa macho yetu. Katika wilaya yetu hii ya Korogwe ipo Lutindi. Ilianza kama mahali pa kuwalea watoto waliookolewa kutoka kwa wafanyabiashara ya watumwa, baadaye ikawa hospitali ya wagonjwa wa akili, na mpaka leo inafanya kazi hiyo. Ndugu ambaye familia ilishindwa kumtunza alipelekwa Lutindi, akapewa kitanda, jembe, kazi ya mikono na sala. Kwa hiyo tunapotaja Bethel, hatutaji jambo la mbali. Tunamtaja mama wa Lutindi.

Sasa tusikie kilichompata mama huyo.

Adolf Hitler alishika madaraka Januari 1933. Mwaka huo huo serikali yake ilitunga sheria ya kuwafunga kizazi kwa nguvu watu waliohesabiwa kuwa na magonjwa ya kurithi, wakiwemo wenye kifafa na wagonjwa wa akili. Bethel haikukataa. Wagonjwa waliokwenda huko kutafuta kimbilio walifungwa kizazi katika hospitali zake. Vita vilipoanza Septemba 1939, serikali ilikwenda mbele zaidi. Mpango wa siri uliandaliwa wa kuwaua wagonjwa, na hadi Agosti 1941 zaidi ya watu 70,000 walikuwa wameuawa kwa gesi ya sumu. Kiongozi wa Bethel wakati huo, mwana wa yule Bodelschwingh wa kwanza, alikataa kujaza fomu za kuwaorodhesha wagonjwa wake. Mwenzake, mchungaji Paul Gerhard Braune, aliandika waraka wa kupinga mauaji hayo mwezi Julai 1940, na mwezi uliofuata akakamatwa na polisi wa siri, Gestapo. Kwa ujasiri huo wagonjwa wengi wa Bethel waliokolewa.

Hapo ndipo tulipozoea kuimaliza hadithi. Lakini haikuishia hapo. Septemba 1940 serikali iliagiza wagonjwa wote Wayahudi waliokuwa katika hospitali za eneo hilo wakusanywe mahali pamoja. Bethel ilikuwa na Wayahudi wachache. Walitolewa, wakapelekwa Wunstorf, na kutoka huko wakapelekwa kuuawa katika mji wa Brandenburg. Hakuna daktari aliyeulizwa kama wanaweza kufanya kazi au wana nafuu. Kuwa Myahudi kulitosha. Watu waliopambana kwa ajili ya wagonjwa wao wengine walishindwa kuwazuia hawa wasiondoke. Mwaka mmoja baadaye, Desemba 1941, treni iliwachukua Wayahudi kutoka Bielefeld, mji ule ule, hadi Riga. Kufikia mwisho wa vita mwaka 1945, Wayahudi wapatao milioni 6 wa Ulaya walikuwa wameuawa.

Wazee wetu wa Usambara hawakuyajua hayo. Vita vilipoanza, serikali ya Waingereza iliwaweka kizuizini wamisionari Wajerumani, na kanisa likabaki mikononi mwa wachungaji, wainjilisti na walimu wa hapa hapa, wakisaidiwa na Walutheri kutoka Marekani. Walifundisha, wakabatiza na kuzika, wakati kanisa mama lilikuwa katika jaribu ambalo halikulishinda lote.

Kwa nini kanisa la Luther lilikuwa dhaifu hivyo mbele ya mateso ya Wayahudi? Jibu moja linauma. Mwaka 1543 Martin Luther mwenyewe aliandika kitabu dhidi ya Wayahudi, akawashauri watawala wachome masinagogi yao, wabomoe nyumba zao na kuwanyang'anya vitabu vyao. Usiku wa tarehe 9 kuamkia 10 Novemba 1938, Wanazi walichoma masinagogi kote Ujerumani. Tarehe 10 Novemba ni siku ya kuzaliwa kwa Luther. Askofu Martin Sasse wa Thuringia alitoa kijitabu chenye maneno ya Luther, akifurahi kwamba masinagogi yanateketea siku hiyo. Askofu, na Biblia mkononi! Hakufika hapo kwa siku moja. Kabla yake kulikuwa na karne nyingi za Ijumaa Kuu ambapo waumini walirudi nyumbani wakisema sentensi ile ile tunayoisema sisi.

Nchi ya Ujerumani haikuanza kukumbuka mara moja. Oktoba 1945 viongozi wa kanisa walikutana Stuttgart wakaungama hatia yao, lakini katika ungamo hilo neno "Wayahudi" halikutajwa. Ilipita miaka mingine mitano, hadi sinodi ya Berlin-Weissensee Aprili 1950, ndipo kanisa likasema wazi kwamba lilikuwa na hatia mbele ya watu wa Israeli. Katika nyumba nyingi baba hakumwambia mwanawe alichokifanya vitani, wala mwana hakuuliza. Kesi ya waliokuwa walinzi na maofisa wa kambi ya Auschwitz, iliyosikilizwa Frankfurt kuanzia 1963 hadi 1965, iliwafanya vijana waulize. Mwaka 1970 waziri mkuu Willy Brandt alipiga magoti Warsaw mbele ya mnara wa Wayahudi waliouawa, na Wajerumani wengi hawakufurahia. Mwaka 1996 ndipo tarehe 27 Januari, siku kambi ya Auschwitz ilipokombolewa mwaka 1945, ilipofanywa siku ya kitaifa ya kumbukumbu. Mwaka 2005 Umoja wa Mataifa uliifanya siku hiyo kuwa ya dunia nzima. Wale wagonjwa waliouawa walisubiri zaidi: mnara wao mjini Berlin, mahali ambapo mpango wa kuwaua ulikuwa na ofisi zake, ulizinduliwa mwaka 2014.

Leo kila mtoto wa shule Ujerumani anafundishwa habari hizi, na wengi hupelekwa kuzuru kambi zilizogeuzwa makumbusho. Lakini njia moja ya kukumbuka imetugusa zaidi ya nyingine. Msanii Gunter Demnig alianza katika miaka ya 1990 kutengeneza vijiwe vidogo vyenye uso wa shaba, upana wa sentimita 10, na kuvipachika barabarani mbele ya nyumba waliyokaa watu waliouawa. Kila kijiwe kina jina moja, mwaka wa kuzaliwa na kilichompata mtu huyo. Sasa vimepita 100,000. Mpita njia anayetaka kusoma jina hana budi kuinamisha kichwa.

Kimojawapo cha vijiwe hivyo mjini Berlin ni cha mtu wa kwetu. Bayume Mohamed Husen alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1904. Katika Vita Kuu ya Kwanza, akiwa bado mtoto, alikuwa askari wa Wajerumani pamoja na baba yake. Mwaka 1929 alifika Berlin kudai mishahara ambayo yeye na baba yake hawakulipwa. Hakulipwa. Akabaki huko, akafanya kazi ya kuhudumu mikahawani, akafundisha Kiswahili chuoni, akaigiza katika filamu, hata katika ile ya kumtukuza Carl Peters iliyotoka mwaka 1941. Mwaka huo huo alikamatwa kwa kosa la kuwa na uhusiano na mwanamke mzungu, akapelekwa kambi ya Sachsenhausen. Huko alifariki tarehe 24 Novemba 1944. Kijiwe chake kiliwekwa mwaka 2007. Ni wangapi kati yetu, tunaozungumza lugha aliyoifundisha, tumewahi kumsikia?

Katika shule zetu za sekondari, kwa miaka mingi habari za Hitler zimefundishwa chini ya mada ya migogoro ya mfumo wa kibepari. Mwanafunzi anakariri sababu za vita na matokeo yake, anajibu mtihani, anasahau. Mateso ya Wayahudi hupata mistari michache tu. Hatuwalaumu walimu, maana muhula ni mfupi na muhtasari ni mrefu. Lakini kanisa halina mtihani wa taifa, kwa hiyo halina kisingizio hicho.

Nasi si kwamba hatujui kukumbuka. Kila tarehe 27 Februari, Songea wanawakumbuka mashujaa 67 wa Maji Maji walionyongwa na Wajerumani siku hiyo mwaka 1906. Novemba 2023 rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika Songea akaomba radhi. Nchi iliyojifunza kuinamisha kichwa mbele ya Wayahudi ilichukua zaidi ya miaka 100 kuinamisha kichwa mbele yetu. Hilo tunaweza kulisema bila uchungu, maana linatuonya pia: mtu anaweza kutubu dhambi moja huku nyingine ameifungia kabatini.

Je, sisi tumefungia nini? Aprili 1994, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kwa muda wa siku moja hivi wakaingia Ngara. Nyuma yao, Rwanda, watu walikuwa wakiuawa hata ndani ya makanisa walimokimbilia, kama pale Ntarama na Nyamata, na wauaji wengi walikuwa wamebatizwa kama sisi. Na hapa Handeni, Chogo, walipokelewa Wazigua kutoka Somalia, wajukuu wa watu waliochukuliwa utumwani katika karne ya 19. Kule walidharauliwa kwa asili yao, na vita vilipowaka waliteswa. Vizazi kwa vizazi waliitunza lugha ya Kizigua, na lugha hiyo ndiyo iliyowatambulisha waliporudi, na wengi wakapewa uraia. Tunapaswa kumshukuru Mungu kwa hilo. Tunapaswa pia kukiri kwamba wapo kati yetu waliowaita "wakimbizi" hata baada ya kuwa raia, na kwamba mgonjwa anayerudi kutoka Lutindi bado huitwa "mwehu" mbele ya watoto wake.

Mwaka 1983 Walutheri na Wayahudi walikutana Stockholm, na Walutheri wakatamka kwamba hawawezi kuyakubali maneno ya Luther dhidi ya Wayahudi. Rais wa Shirikisho la Kilutheri Duniani wakati huo alikuwa Mtanzania, Askofu Josiah Kibira wa Bukoba, dayosisi ambayo nayo ilipandwa na wamisionari wa Bethel. Kwa hiyo njia tumekwisha kuonyeshwa na mzee wetu wenyewe.

Ndugu wapendwa, tunapendekeza mambo matatu madogo. Ijumaa Kuu ijayo, mhubiri awakumbushe watu kwamba Yesu, mama yake na mitume wake wote walikuwa Wayahudi, kwamba amri ya msalaba ilitoka kwa liwali wa Kirumi, na kwamba katika nyimbo zetu sisi hukiri kuwa dhambi zetu ndizo zilizompeleka pale. Jumapili iliyo karibu na tarehe 27 Januari, katika sala ya kanisa zima, tuwataje wagonjwa Wayahudi wa Bethel pamoja na Bayume Mohamed Husen. Na katika Shule ya Jumapili, watoto wapelekwe Lutindi angalau mara moja, wawasalimie wagonjwa kwa majina yao, "shikamoo" kwa wakubwa na mkono kwa wote.

Mungu alimuuliza Kaini ndugu yake yuko wapi. Bethel iliulizwa swali hilo Septemba 1940. Sisi tunaulizwa kila mara jirani anaposemwa vibaya mbele yetu nasi tukanyamaza.