Mbao moja, fremu moja: nani aliandika sheria za pool?

Jumamosi iliyopita nilikuwa kwa mashindano ya pool hapa Makongeni. Kiingilio soo mbili, mshindi anabeba zote. Beshte yangu, ambaye kwa meza yetu ya Phase 10 hakuna mtu humsumbua, alitolewa raundi ya kwanza. Fremu moja tu. Jamaa wa upande ule alibreki, mpira mweusi ukaingia. Kwa meza yetu hapo mnapanga upya. Kwa meza ile mwenye baa akasema mchezo umeisha, amebreki akashinda. Soo mbili zikaenda na beshte yangu hajagusa mpira hata mmoja.

Sheria za eight-ball za WPA, shirikisho la dunia lililoundwa 1987, zinasema wazi kwamba mweusi ukiingia kwa breki, hiyo si ushindi. Lakini nani kwa hiyo baa alikuwa amezisoma? Sheria ilikuwa mwenye meza. Na nilipoanza kuchimba historia nikapata hii tabia haikuanzia Thika.

Angalia hata jina. Kule Marekani karne ya 19, pool ilikuwa ile pesa watu wanachanga pamoja kubeti. Nyumba za kubeti farasi ziliitwa poolroom, na meza ziliwekwa humo ili watu wapoteze muda wakingoja mbio ianze. Yaani jina lenyewe limetoka kwa mchango wa kubeti.

Halafu kuna huyu buda Michael Phelan. 1850 alichapisha kitabu cha billiards chenye maelezo na sheria. Alikuwa pia anatengeneza na kuuza meza. Na 1859 huko Detroit alicheza mechi ya dola 15,000 dhidi ya John Seereiter, akashinda. Muuzaji wa meza, mwandishi wa sheria na bingwa, wote mtu mmoja! Miaka ya 1860 kampuni yake ikaahidi dola 10,000 kwa mtu atakayepata kitu cha kutengeneza mipira badala ya pembe za ndovu, kwa sababu pembe zilikuwa zimepanda bei. Hizo pembe, kwa taarifa yako, nyingi zilitoka huku kwetu. Zilibebwa mabegani kutoka bara mpaka Bagamoyo, zikavushwa Zanzibar, halafu meli. Aliyebeba hakuwahi kuona meza. Hiyo ni story ya siku nyingine, lakini sikuweza kuiruka.

Sasa njoo karibu kidogo. Kwa nine-ball ya zamani Marekani, ungeweza kusukuma mpira mweupe mahali unataka wakati wowote, na mwenzako anaamua kama atacheza kutoka hapo au anakurudishia. Ilikuwa vita ya akili. Kufikia miaka ya 1980 sheria mpya ikachukua nafasi: faulo moja tu, mwenzako anauweka mweupe popote anapotaka. Ile ya kusukuma ikabaki kwa shoti moja, mara tu baada ya breki. Mchezo ukapata kasi, lakini bahati pia ikapata kiti mezani. Mimi sipingi kasi. Napinga kasi ikikutana na mechi fupi, kwa sababu hapo ndio mtu anashinda bila kucheza.

Linganisha na 1996, Hong Kong. Efren Reyes wa Ufilipino na Earl Strickland wa Marekani walicheza siku tatu, wa kwanza kufikisha fremu 120. Reyes alishinda 120 kwa 117, akaondoka na dola 100,000. Hakuna mtu angesema ni bahati.

Lakini hata hao wakubwa hawajapanga nyumba yao. Mwaka wa 1999 dunia ilikuwa na mabingwa wawili wa nine-ball: Reyes alishinda mashindano ya Cardiff, Nick Varner akashinda ya Alicante, Uhispania. Waandaaji tofauti, ubingwa mmoja. Na kwa meza ndogo mgawanyiko ulikuwa hivyo hivyo, mashirikisho mawili, vitabu viwili vya sheria. Sasa unashangaa Phase 10 na baa ya pale stage hawaelewani?

Huku kwetu kuna shida nyingine juu ya hiyo. Sheria ya Mututho ya 2010 iliruhusu baa kufunguliwa saa kumi na moja jioni siku za kazi, saa nane mchana wikendi, na mtu wa chini ya miaka 18 haruhusiwi humo. Ni sawa kabisa kwa pombe. Lakini mashindano mengi yako kwa baa, kwa hivyo mtoto wa miaka 16 mwenye mkono mzuri anangoja miaka miwili. Majirani wetu walijipanga kutuliko, Tanzania ikiwa na mashindano ya taifa ya Safari Lager, Uganda na ligi ya Nile Special. Heshima kwao. Lakini soma tena hayo majina mawili. Zote bia.

Mimi ningeanza na vitu vidogo. Sheria ziandikwe na zibandikwe ukutani kabla mtu hajatoa kiingilio. Mtu asitolewe kwa fremu moja, hata raundi ya kwanza. Breki iwe ya zamu. Refa asiwe mwenye meza, wala mtu aliyebeti. Najua mwenye meza atalia, kwa sababu fremu moja ni mbao na mechi ndefu inamaanisha watu wachache kwa saa. Basi tumlipe meza kwa saa, tuchange. Si ndio maana ya jina?

Kuna kinyozi hapa Makongeni ana meza nje ya duka, hakuna pombe. Amekubali kutupatia Jumapili mchana. Wa kwanza kufikisha fremu 5, kiingilio soo moja, wa chini ya miaka 18 bure na hakuna kubeti. Beshte yangu ndiye anaandika sheria kwa manila, na ya kwanza kabisa ni ile ya mweusi kwa breki.