Tumaini la Kikristo katika Karagwe na Kyerwa

Tumaini la Kikristo ni adili la Kimungu ambalo kwa njia yake mwamini anatazamia ufalme wa Mungu na uzima wa milele, akitegemea ahadi za Kristo kuliko nguvu zake mwenyewe. Pamoja na imani na upendo, ni mojawapo ya maadili matatu yanayotajwa na Mtume Paulo.

Katika wilaya za Karagwe na Kyerwa, mkoa wa Kagera, kaskazini magharibi mwa Tanzania, tumaini hilo limeambatana na juhudi za kuboresha maisha ya hapa duniani. Historia ya eneo hilo inaonyesha pia jinsi juhudi hizo zilivyokutana na udhaifu wa binadamu. Wilaya hizo mbili zilikuwa moja hadi mwaka 2012, Kyerwa ilipotengwa na Karagwe. Zinapakana na Rwanda na Uganda.

Mafundisho

Kadiri ya Biblia, binadamu aliumbwa kwa mfano wa Mungu lakini amejeruhiwa na dhambi. Kwa sababu hiyo Wakristo wengi wanakanusha mambo mawili: kwamba binadamu anaweza kujijengea paradiso kwa nguvu zake, na kwamba haifai kujitahidi kwa kuwa dunia itapita.

Martin Luther alifundisha kwamba aliyeamini ni mwenye haki na papo hapo ni mwenye dhambi. Kwa upande wa Kanisa Katoliki, Mtaguso wa pili wa Vatikano, katika hati Gaudium et Spes (1965), ulieleza kwamba kutazamia dunia mpya hakupaswi kupunguza bidii ya kuitunza dunia hii, bali kuiongeza. Papa Benedikto XVI aliandika juu ya tumaini katika waraka Spe Salvi (2007). Humo alionya kwamba muundo wa jamii, hata ukiwa mzuri namna gani, hauwezi kuchukua nafasi ya uhuru wa kila mtu wa kuchagua mema.

Uamsho

Katika miaka ya 1930 uamsho wa Afrika Mashariki ulianza Gahini, mashariki mwa Rwanda, ukaenea Uganda na hatimaye Bukoba na Karagwe. Waliouingia waliitwa Balokole, yaani waliookoka. Walikazia kuungama dhambi mbele ya wenzao, kurudisha mali iliyoibwa, kupatana na maadui na kuvuka mipaka ya kabila na rangi. Kwao mabadiliko ya jamii yalianzia katika moyo wa mtu aliyekiri makosa yake. Wakati mwingine walilaumiwa kwa kuwahukumu Wakristo wengine.

Josiah Kibira, aliyelelewa katika uamsho huo, aliongoza Dayosisi ya Kaskazini Magharibi ya Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT) kuanzia mwaka 1964 hadi 1984. Mwaka 1977 alichaguliwa kuwa rais wa kwanza Mwafrika wa Shirikisho la Kilutheri Duniani. Mwaka 1979 Karagwe ilipata dayosisi yake. Hospitali ya Nyakahanga ni kati ya huduma za dayosisi hiyo.

Ujamaa na jumuiya ndogondogo

Upande wa Wakatoliki, Karagwe yote ilikuwa sehemu ya jimbo la Rulenge. Askofu wake kuanzia mwaka 1969 hadi 1996 alikuwa Christopher Mwoleka (1927–2002). Baada ya Azimio la Arusha (1967) alikuwa mmojawapo wa maaskofu waliounga mkono siasa ya ujamaa kwa nguvu zaidi, hata akaenda kuishi na kulima pamoja na wanakijiji katika kijiji cha ujamaa. Alifundisha kwamba Utatu Mtakatifu si fumbo la kufumbuliwa tu, bali ni mfano wa maisha ya kushirikiana ambao watu wanapaswa kuuiga. Alihimiza pia jumuiya ndogondogo za Kikristo, ambamo majirani wanasali, wanasoma Biblia na kusaidiana.

Utekelezaji wa ujamaa nchini haukwenda kama ulivyokusudiwa. Mwanzoni Julius Nyerere alisisitiza kwamba watu waingie vijijini kwa hiari, lakini mwaka 1973 kuishi vijijini kulifanywa lazima, na katika sehemu mbalimbali za nchi watu walihamishwa kwa nguvu. Uzalishaji wa pamoja ulififia. Jumuiya ndogondogo ziliendelea, na hadi leo ni msingi wa maisha ya parokia. Mwaka 2008 jimbo la Kayanga lilimegwa kutoka Rulenge kwa ajili ya Karagwe na Kyerwa.

Jaribio la mwaka 1994

Mauaji ya kimbari nchini Rwanda mwaka 1994 yalikuwa jaribio kubwa kwa tumaini hilo. Nchi hiyo ilikuwa na Wakristo wengi, na ndiko uamsho ulikoanzia. Hata hivyo Wakristo waliwaua Wakristo wenzao, wengine ndani ya makanisa. Mwishoni mwa Aprili watu takriban 250,000 walivuka mpaka kuingia Ngara katika muda wa siku moja hivi. Karagwe pia ilipokea wakimbizi wengi. Kambini waliishi pamoja watu waliokimbia vita na baadhi ya waliohusika na mauaji. Miti mingi ilikatwa kwa ajili ya kuni na ujenzi.

Mashirika ya Kikristo, kama vile Caritas na TCRS, yalikuwa kati ya yaliyohudumia wakimbizi mkoani Kagera hadi wengi wao waliporudishwa kwao Desemba 1996. Waliotoa huduma hiyo hawakuweza kumtenga kwanza mwenye hatia na asiye na hatia: chakula na dawa vilitolewa kwa kila mwenye shida.

Maana yake

Matukio hayo yanaeleza tofauti kati ya tumaini na matarajio mema ya kawaida. Matarajio hutegemea dalili kwamba mambo yatakwenda vizuri, na dalili zikikosekana huisha. Tumaini la Kikristo linamtegemea Mungu, kwa hiyo linaweza kukiri kushindwa bila kuacha kazi. Ndiyo sababu katika mafundisho hayo toba si kinyume cha maendeleo, bali ni njia ya kuanza upya.

Tazama pia

- Wilaya ya Karagwe
- Wilaya ya Kyerwa
- Jimbo Katoliki la Kayanga
- Ujamaa